Mtama Unaokataa Kunyonywa

Treni ya sasa kutoka Dodoma haina madirisha ya kufungua. Zamani, kwenye ile reli ya Mjerumani, Kilosa ilikuwa kituo cha tumbo. Breki zikilia tu, vichwa vyote nje, na chini wamejipanga akina mama na masinia ya wali, kuku wa kukaanga, ndizi mbivu, miwa iliyomenywa. Ulinunua kwa kunyoosha mkono. Siku hizi unashuka kwenye SGR na ubaridi wa kiyoyozi mgongoni, unapita getini kistaarabu, unatokea nje ya kituo kipya na njaa yako ileile. Safari imekuwa fupi, hilo sibishi. Lakini kufika Kilosa bila kula Kilosa kwangu ni kasoro, na niliirekebisha kabla ya jambo lingine lolote.

Mama lishe aliyenipakulia alikuwa na kambale wa nazi na wali wa mchele wa hukohuko. Nikauliza kama ana ugali wa mtama. Akacheka hadi jirani yake akageuka. "Kaka, huo si wa watu wenye sukari? Nenda maduka ya mjini, unauzwa kwenye pakiti, una picha ya bibi." Kwetu Ugogo, ugali wa uwele au wa mtama na mlenda ni chakula cha jioni, hauhitaji sababu. Hapa umeshakuwa dawa. Nilikula kambale wangu nikijiuliza ni lini hasa chakula cha watu hubadilika kuwa ushauri wa daktari.

Ukitoka kwetu, mabadiliko ya nchi unayaona kabla ya Kilosa, treni inapozama handakini na kuibuka, ikazama tena. Upande mmoja unaacha mibuyu, miiba na vumbi jekundu. Upande wa pili unakuta bonde la Mkondoa, migomba, mpunga, mashamba ya katani yaliyozeeka kuelekea Kimamba na Rudewa. Mgogo akishuka hapa hushangaa watu wanalalamikia nini, maji si hayo? Kisha anasimuliwa mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mto ulipong'oa reli na kufukuza watu majumbani, anapunguza wivu.

Nilikuja kwa ajili ya mtama. Msimu uliopita, upande wa Kongwa, mvua zilikatika ghafla mtama wa mjomba wangu ukiwa unatoa masuke, na vidukari wakaingia. Wengine huwaita wadudu mafuta, na ukipita katikati ya shamba lililoingiwa unaelewa kwa nini: majani yanang'aa, yananata, yanashika mikono ya shati. Ule utamu wanaoutoa nyuma baada ya kufyonza ndio unaonata, na juu yake huota kuvu nyeusi inayolinyima jani mwanga. Shamba kuharibika si habari kwa mkulima wa Dodoma. Kilichonikaa kichwani ni mashina machache ya maotea, mtama mrefu wa zamani uliojiotea kutokana na mbegu zilizoanguka miaka ya nyuma. Yalikuwa yamesimama katikati ya ule weusi, masafi. "Huo hawaupendi," mjomba alisema, akaendelea na mambo yake. Mimi nikaona hilo ni jambo la kuulizia, na mahali pa kuuliza, kwa mtama na mahindi ya ukanda huu, ni Ilonga.

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, siku hizi TARI Ilonga, kipo mwendo mfupi kutoka mjini, milima imekiinamia kwa nyuma, na chuo cha kilimo kiko jirani. Kilianza enzi za Mwingereza, miaka ya 1940, na kwa muda mrefu sifa yake ilikuwa pamba. Mbegu za pamba zenye herufi IL zilizolimwa ukanda wa mashariki zilitoka hapa. Mwaka 1974 mpango wa taifa wa utafiti wa mahindi ukawekwa Ilonga, na mbegu za Kilima na Staha zikaruhusiwa mwaka 1983, TMV-1 mwaka 1987. Kwa upande wa mtama, watu wa hapa watakutajia Tegemeo, Pato, Macia. Watakutajia pia Wahi na Hakika, zilizotolewa mwaka 2002 kwa ajili ya mashamba yenye gugu la kiduha. Hizi mbili chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kwenye kazi ya Gebisa Ejeta, mtoto wa Ethiopia ambaye mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Mbegu, kumbe, husafiri kuliko wanaozilima.

Dada mtafiti aliyenitembeza alikuwa na kofia pana na daftari lenye madoa ya matope. Vitalu vilikuwa na vibao vya namba, na masuke mengi yamevalishwa mifuko ya karatasi ya kaki ili chavua ya jirani isiingie. Alitembea kwa kasi hadi kwenye mstari mmoja mbovu, akageuza jani la chini, akanipa kioo cha kukuzia.

"Mwangalie huyu mkubwa. Hatagi. Anazaa mtoto aliye hai, na huyo mtoto anapozaliwa tayari ana watoto tumboni."

"Na baba yao?"

"Huku kwetu hana kazi. Nchi za baridi madume huonekana majira yakigeuka. Kwenye joto, ni mama na binti, mama na binti. Baada ya wiki moja hivi binti naye anazaa. Wakibanana kwenye jani, wanazaliwa wenye mabawa, upepo unawachukua."

Nilimweleza habari ya maotea ya mjomba. Hakufurahi haraka kama nilivyotarajia. Alisema mtama unaweza kusalimika kwa sababu zisizohusu mbegu hata kidogo: labda ulichelewa kuchanua, labda ulikuwa mrefu ukapata upepo, labda wale wadudu wekundu wenye madoa wanaokula vidukari walianzia hapo. "Au kweli una kitu. Huwezi kujua mpaka uupande pamoja na mwingine, udongo mmoja, siku moja, na wadudu uwape sawa. Misimu mitatu, sehemu zaidi ya moja. Mjomba alitunza mbegu?"

Mabua yale yaliliwa na ng'ombe, pamoja na masuke yake. Akaandika kitu kwenye daftari lake ingawa hapakuwa na cha kuandika.

Kisha akanieleza, tukiwa tumesimama juani, mambo ambayo tangu siku hiyo yamebadilisha namna ninavyoangalia shamba. Mwaka 1951 Reginald Painter, mtaalamu wa wadudu wa Kansas, alichapisha kitabu kuhusu mimea inayokinzana na wadudu, na mgawanyo wake wa aina tatu unatumika hadi leo. Kuna mmea ambao mdudu akitua anaonja, hapendi, anaondoka. Kuna mmea ambao anabaki na kufyonza, ila chakula kile hakimfai: anadumaa, anazaa wachache, anakufa mapema. Na kuna mmea unaofyonzwa kama mwingine lakini unavumilia na kujaza punje zake. Mkulima akiangalia kwa mbali ataita yote matatu "mbegu nzuri". Kwa mtafiti ni mambo matatu tofauti. Ule wa kwanza humsukumia mdudu kwa jirani. Ule wa tatu hulea wadudu wengi shambani huku wenyewe ukishiba. Wa kati ndio unaopunguza uzao, na ndio pia unaomlazimisha mdudu kubadilika.

Wanaofanya kazi hiyo hufanyaje? Kwa uvumilivu wa kuchosha. Miche hupandwa kwenye trei, mstari mmoja ukiwa wa mbegu inayojulikana kuwa dhaifu. Vidukari huhamishwa kwa brashi ndogo ya rangi, na siku ule mstari dhaifu unapokufa, iliyobaki hupewa alama, kuanzia 1 kwa uliosalimika hadi 9 kwa uliokufa. Shambani hupandwa mistari dhaifu katikati ya mingine makusudi, ili wadudu wazaliane hapo na kusambaa. Inayosalimika huunganishwa na mbegu yenye punje nzuri lakini isiyo na ulinzi, halafu watoto wao hurudishwa kwa mzazi yule mwenye punje nzuri, kizazi hadi kizazi, kila mara ukitupa walionata. Mdudu anatimiza kizazi kwa wiki. Mtafiti anasubiri msimu.

Nisimsingizie mtu: Ilonga kidukari si adui wa kwanza. Dada yule alinipangia foleni yenyewe bila kuangalia daftari. Kiduha mbele, funza wa mabua, nzi wa chipukizi, kwelea kwelea, na tangu 2017 viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Kidukari huja nyuma, mwaka wa mvua kukatika. "Lakini Haiti nako alikuwa nyuma," akasema, na hadithi aliyoisimulia ndiyo iliyonilipa nauli.

Kidukari wa mtama alielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1904, kutokana na wadudu waliokusanywa Sudan. Afrika tumeishi naye. Mwaka 2013 alilipuka kwenye mtama wa kusini mwa Marekani, na baada ya muda mfupi akawa Haiti, ambako mtama huitwa pitimi na ndio riziki ya wakulima wadogo wa maeneo makavu. Mashamba yakateketea. Kwenye kituo cha utafiti kinachoitwa Chibas, vitalu vya majaribio navyo vilikufa, isipokuwa mimea michache iliyobaki kijani. Walipochunguza ukinzani wake, walikuta unatokana na sehemu ya kromosomu ya 6 ambayo watafiti wa China walikuwa wameionesha mwaka huohuo wa 2013 kwenye mtama wao. Kutoka kwenye mimea hiyo wakatoa mbegu iliyoitwa Papèpichon, na wakulima wakarudi shambani. Mwaka 2022 watafiti walichapisha safari ya kipande hicho cha urithi: kimetoka kwenye mitama ya kienyeji ya Ethiopia, kikazunguka kwenye hazina za mbegu na programu za utafiti za nchi mbalimbali kwa zaidi ya nusu karne, hakuna aliyejua kuwa kitahitajika, hadi kilipohitajika.

Niliwaza akina mama wa nyanda za Ethiopia waliokuwa wakichagua masuke miaka hiyo yote. Hakuna aliyewaambia kuwa wanailisha Haiti. Dada mtafiti aliniacha niwaze nusu dakika tu, akaniharibia. Ukinzani wa namna hiyo huvunjika, alisema. Kwenye nyanda za Marekani, kidukari wa kijani aliyekuwa wa ngano alianza kuangamiza mtama mwaka 1968. Ukinzani ukapatikana, mbegu zikauzwa. Kufikia 1980 ikajitokeza aina nyingine inayoula mtama uleule uliokuwa ukiikataa ile ya kwanza. Kidukari wa ngano aliyetokea Urusi aliingia Afrika Kusini mwaka 1978, mbegu ya kwanza ya kumkataa ikatoka miaka ya mwanzo ya 1990, na mwaka 2005 akaonekana mwenye uwezo wa kuila. Kenya nako alishafika, tangu 1995. Jeni moja ni kufuli moja. Ndiyo maana anayezalisha mbegu hurudi tena na tena kwenye mitama ya kale kutafuta lingine, na swali la kwanza ni kama hiyo mitama bado ipo.

Barabara ya Kilosa kwenda Mikumi inapita kwenye kata iitwayo Ulaya, na hakuna kondakta anayekubali kukuacha ufike bila kukupongeza kwa kwenda Ulaya bila viza. Kabla ya kufika huko niliteremka kwenye kijiji nilichoelekezwa, kwa bibi mmoja wa Kisagara ambaye bado hulima mtama mrefu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Wewe wa Ugogo, nakusikia ulimini. Ng'ombe hawajambo?"

Kwa Mgogo hiyo ndiyo salamu yenyewe, kwa hiyo tukaelewana. Akanipa togwa kwenye kata, ya kimea cha mtama, nzito, yenye uchachu kidogo. Jikoni kwake, juu ya mafiga, kulikuwa na uchaga uliojaa masuke meusi kwa moshi. Masuke yenyewe yalikuwa yamelegea, matawi yananing'inia, punje zinaonekana moja moja hadi ndani. Mtama wa kisasa hubana punje zake kwa pamoja, unapendeza machoni, lakini umande hukaa ndani yake na wadudu hupata maficho. Huu wa bibi upepo unapita katikati.

Shamba lake halikuwa kubwa. Mengine yote yanayolimwa na familia ni mahindi, ufuta na mbaazi. Mjukuu wake wa kiume, kijana mwenye pikipiki, alinieleza bila kumficha bibi kuwa mtama ni hasara: mrefu kupita kiasi, unaanguka, unachelewa kukomaa, ndege wanaumaliza, na nani leo ana watoto wa kukaa kwenye dungu kuwinga ndege wakati shule imefunguliwa? Kila neno alilosema ni kweli. Sipendi wale wasafiri wanaofika kijijini, wananusa moshi wa jikoni na kuanza kuwahubiria watu waendelee na umaskini wao kwa ajili ya uzuri wake. Ufuta unajenga nyumba ya bati. Mtama wa bibi haujengi.

Nikamuuliza bibi anachaguaje mbegu.

"Nachagua ukiwa shambani, si nyumbani. Nyumbani masuke yote mazuri. Natembea asubuhi, naangalia na shina na majani. Nikilipenda nalifunga uzi. Lililonata silifungi."

"Kwa nini?"

"Nani anapanda ugonjwa, mjukuu wangu?"

Alifundishwa na mama yake, na mbegu alipewa na mama yake siku alipoanza jiko lake. Wasagara, kama Wakaguru na Waluguru, huhesabu ukoo kwa mama. Mashamba na mengi mengine yamefuata njia hiyo. Sisi Wagogo ni wa baba, na mbegu kwetu nilizozoea kuziona ziko chini ya dari la baba mwenye nyumba, ingawa anayezijua ni mama. Nikaona nimsimulie nilichofundishwa Ilonga, kwamba vidukari nao wanarithishana mama kwa binti, hakuna baba katika jambo lao. Bibi alicheka akashika mbavu.

"Basi ni Wasagara hao! Ndiyo maana hawaishi."

Hiyo ya uzi kwenye suke nimeifikiria sana. Tangu enzi za mama yake na pengine kabla, kila mwaka mwanamke mmoja kwenye njia hii amekuwa akipita shambani asubuhi na kuacha yaliyonata. Hana trei wala brashi, wala alama kutoka 1 hadi 9. Hawezi kutofautisha kilichosalimika kwa bahati na kilichosalimika kwa urithi. Dada wa Ilonga angemkatalia nusu ya masuke yake. Lakini anarudia, na kurudia kwa miaka mingi kuna hesabu yake. Uzi huo ukikatika, kitakachobaki ni sampuli iliyochukuliwa zamani na kuwekwa kwenye baridi. Arusha kuna kituo cha taifa cha kuhifadhi nasaba za mimea, na ni kazi njema, isije ikaeleweka vinginevyo. Ila mbegu iliyolala kwenye baridi haikutani na kidukari wa mwaka huu. Ya bibi inakutana naye kila msimu.

Alinipa masuke mawili kwa ajili ya mjomba. Sikuomba. Mjukuu alitafuta gazeti la kufungia.

Nje ya kijiji, kwenye shamba lililovunwa, kijana wa Kimasai alikuwa akilisha ng'ombe mabua. Wamekubaliana na mwenye shamba, alisema, samadi kwa mabua. Makubaliano ya namna hiyo si jambo dogo katika wilaya hii. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya 30, na migogoro haikuishia hapo. Tukaongea kuhusu mtama, ambao wafugaji wanaujua kwa upande wake mwingine: chipukizi changa, hasa zilizoota baada ya ukame, zina sumu inayoua ng'ombe kwa muda mfupi. Hata kwetu watoto wanaochunga hufundishwa hilo mapema. Mmea unaoweza kumwangusha fahali unafyonzwa na kidudu laini kisichoonekana vizuri bila kioo. Mdomo wake ni sindano inayopita katikati ya chembe hadi kwenye mshipa wa sukari bila kuzivunjavunja, na sumu hiyo hutoka chembe zinapovunjwa.

Kwenye mabua mabichi machache yaliyobaki tulikuta sisimizi wakipanda na kushuka. Nikamwonesha kijana walikokuwa wakienda: vidukari, na sisimizi wanawagusagusa kwa papasi zao ili wadondoshe tone tamu, wanalinywa, na akija mdudu wa kuwala wanamfukuza. Aliinama akaangalia muda mrefu kuliko mimi. "Wanakamua," akasema. "Na wanalinda boma." Hakuhitaji maelezo zaidi, na sidhani kama kuna profesa ambaye angeyaweka vizuri zaidi.

Mikumi unaifikia ukiwa umeshachoka na vumbi, ghafla unatokea kwenye lami ya Zambia na malori yake. Ni mji wa kupita. Taa, harufu ya dizeli, chipsi mayai, madereva wa Tunduma na Lubumbashi wakibishana kwa Kiswahili cha namna tatu. Hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1964, iko hapohapo upande wa Morogoro, na barabara inaikata katikati. Abiria hupiga picha tembo wakiwa kwenye basi, na nyani huangalia basi wakisubiri maganda ya ndizi. Mimi nilikuwa nimeambiwa niangalie nyasi. Pembezoni mwa barabara, kwenye mitaro, huota nyasi ndefu yenye suke jepesi jeusi-jeusi. Ni mtama-mwitu, ndugu wa mtama tunaoula, na watafiti humtazama kwa hamu kwa sababu amepigana na wadudu hawa bila msaada wa mtu yeyote. Wenye mashamba humwita gugu na kumng'oa. Wote wana haki.

Kuna mahindi ya kuchoma pale stendi, matamu, na mama aliyeniuzia alitoka Kidodi. Kwake mahindi ndiyo kila kitu, na mahindi nayo yana habari yao. Mwaka 2011 kule Bomet, Kenya, yalianza kukauka kwa ugonjwa uliokuwa mgeni, na mwaka uliofuata ukaonekana Tanzania. Ulikuwa muungano wa virusi viwili: kimoja hubebwa na wadudu wa aina nyingine, na cha pili, kile kilichopewa jina la miwa, hubebwa na vidukari. Hapa wazalishaji wa mbegu walichagua njia ya pembeni. Kidukari hutua, akachoma, akaacha virusi ndani ya dakika chache, kabla mmea haujapata nafasi ya kumkatisha tamaa. Kumzuia yeye hakusaidii sana. Wakaamua kumwacha mbebaji na kumfungia mlango mzigo wake. Kule Naivasha, tangu 2013, mahindi hupandwa na kuambukizwa makusudi ili kuona yapi yatasimama, na mojawapo ya vyanzo vizuri vya ukinzani vilivyopatikana ni mahindi kutoka Thailand. Ndiyo njia ileile Ilonga waliyoipita zamani kwa Staha na TMV-1, dhidi ya ugonjwa wa milia unaoletwa na kidudu kinachorukaruka.

Kutoka Mikumi nilishuka kusini hadi Ruhembe, ambako bado ni wilaya ya Kilosa lakini hewa ni ya miwa. Miwa hadi kwenye mlango wa choo. Mto Ruaha Mkuu uko mbele, na ng'ambo yake Kilombero. Ukishazoea mashamba ya mtama, kila shina na sura yake, miwa inakushtua kwa kufanana. Si bahati mbaya. Miwa hupandwa kwa pingili, kwa hiyo shamba zima ni mmea mmoja uliokatwakatwa. NCo376, muwa ulioenea sana kusini na mashariki mwa Afrika, ulichavushiwa Coimbatore, India, ukachaguliwa Natal, na tangu miaka ya 1950 umekuwa ukikatwa pingili zilezile. Kidukari akiweza shina moja, ameyaweza yote.

Na amekuja wa kuyaweza. Kidukari wa njano wa miwa ni wa mabara ya Amerika. Mwaka 2013 alionekana Afrika Kusini, na haikupita miaka mingi akawa kwenye mashamba yetu. Mate yake yana sumu. Jani linageuka njano, halafu jekundu la zambarau, linakauka kutoka chini kwenda juu. Mkulima niliyemkuta, mzee wa makamo mwenye ekari chache anazouzia kiwandani, alisema mwanzoni walidhani mbolea imeisha nguvu. Wakaongeza mbolea. Wadudu wakashukuru.

Bwana shamba aliyekuwa naye alieleza vizuri, bila kutisha. Kupata muwa mpya kuanzia mchavusho hadi kumkabidhi mkulima huchukua zaidi ya miaka kumi. Kibaha, ambako utafiti wa miwa wa taifa uko, hujaribu miwa inayoletwa kutoka nje, na kuijaribu nako ni miaka. Kwa sasa: palilia, usizidishe mbolea ya chumvichumvi, usiue wadudu wekundu wenye madoa, kagua majani ya chini.

Mzee alisikiliza, kisha akatupeleka nyuma ya nyumba. Alikuwa na mafungu mawili ya pingili chini ya mwembe, moja limefungwa kamba ya katani, jingine kitambaa chekundu. Lenye kitambaa lilikuwa la mashina aliyoyakuta yamebaki kijani.

"Baba, hizo ni mbegu moja," bwana shamba akamwambia kwa upole. "Zilibaki kijani kwa sababu ziko karibu na mtaro. Pingili haibadiliki."

"Una hakika shamba langu lote ni mbegu moja? Nilinunua kwa watu watatu."

Bwana shamba akanyamaza, kwa kuwa hilo hakulijua, na pingili za kununua kwa majirani huwa zimechanganyika.

"Basi nitapanda mistari miwili," mzee akasema, "yote mbali na mtaro, mmoja wa kamba na mmoja wa kitambaa. Mwakani wewe na huyu Mgogo wako mje na hicho kioo chenu mhesabu wadudu."